Idadi Itoshayo: Habari za Mabaraza ya Watu Wachache na Desturi ya Kupiga Kura

Katika wasomaji wa kurasa hizi ni vigumu kumwona mmoja asiyekaa katika baraza fulani. Mwalimu anayo halmashauri ya shule yake, kasisi anao wazee wa kanisa, na wote wawili huitwa mara kwa mara kuhesabu fedha, kupeleleza mashitaka, au kuchagua mtu wa kazi. Watu wa mabaraza haya hawazidi kumi au kumi na wawili. Hukaa kwenye meza moja, hujuana kwa majina na kwa jamaa zao. Na kwa sababu hiyo wengi wetu twadhani ya kuwa kanuni za mkutano ni mambo ya Bunge, wala hayatuhusu. Sisi nasi tulidhani hivyo mpaka siku tulipofundishwa vingine.

Siku ile ilikuwa katikati ya masika. Halmashauri ya shule moja, ambayo sisi tulikuwa waandishi wake tusio na kura, ilikuwa na watu 9, na sheria yake ilitaka watu 5 wawepo ndipo shauri lipite. Wakaja 4. Mto ulikuwa umejaa, na mzee wa tano akamtuma mtoto na cheti kilichosema ya kuwa yeye anakubali lolote litakaloamuliwa na wenzake. Cheti kile kikahesabiwa kuwa ni mtu. Shauri lililokuwapo lilikuwa la mwalimu mmoja aliyeshitakiwa kwa uzembe. Watatu wakasema aondolewe, mmoja akasema aitwe kwanza asikilizwe. Nasi tukaandika katika kitabu: waliohudhuria ni 5. Juma lile lile mwalimu yule akafunga mizigo yake, pamoja na mkewe na watoto wanne. Hapana aliyeona kosa, na sisi hatukuliona, ingawa mkono ulioandika hesabu ile ulikuwa wetu.

Tangu hapo tumekuwa tukitafuta habari za mambo haya katika vitabu vya kale na vya sasa, na hayo tuliyoyaona twayaandika hapa.

Tuanze na maneno. Baraza ni kile kibao cha mawe na chokaa kilicho mbele ya nyumba za pwani, mahali pa kupokea wageni na kuzungumza. Kisha jina likatoka kwenye kibao likawapata watu wakikaliao. Shauri ni neno la Kiarabu, nalo lina ukoo mmoja na ushauri na mshauri. Kura nalo ni la Kiarabu, na maana yake ya kwanza haikuwa kutoa rai hata kidogo, bali kuchagua kwa bahati, kama Mitume walivyofanya kwa habari ya Mathiya katika kitabu cha Matendo. Ni ajabu kidogo ya kwamba neno la kumwachia Mungu achague limegeuka kuwa neno la mwanadamu kuchagua mwenyewe. Mpiga kura wa zamani aliiweka rai yake kando. Mpiga kura wa leo huja kuitoa. Na ile idadi ya watu ambayo ikipungua baraza si baraza tena, Kiswahili cha siku hizi huiita akidi.

Watu wa Ulaya huiita quorum, nalo ni neno la Kilatini lenye maana ya "ambao miongoni mwao". Asili yake ni hii. Mfalme wa Uingereza alipowaandikia hati waamuzi wa amani wa jimbo fulani, aliwataja wote kwa majina, kisha akasema ya kwamba katika mashauri mazito yawapasa kukaa wawili au zaidi, ambao miongoni mwao lazima awepo fulani, au fulani, au fulani. Nao hao ndio waliokuwa na elimu ya sheria. Basi hapo kwanza neno hili halikuuliza "wamekuja wangapi?" bali "amekuja nani?" Baadaye karibu kila mwamuzi akaandikwa katika orodha ya hao wateule, maana hapana aliyependa kuachwa nje, na neno likapoteza nguvu yake, likabaki kuwa hesabu tu. Twaona mabaraza yetu yamesahau swali lile la kwanza, na pengine tumepata hasara kwa kulisahau. Watu watano waweza kuamua juu ya fedha za kanisa, wala mtunza hazina asiwepo miongoni mwao.

Lakini hesabu yenyewe ni ya kale kuliko Waingereza. Katika mwaka 186 kabla ya kuzaliwa Kristo, wazee wa Rumi walikataza mikutano ya siri ya mungu wao Bakko. Tangazo lao lilichorwa katika bamba la shaba, na bamba hilo liliokotwa kusini mwa Italia, lasomeka hata leo. Hawakuikataza ibada ile kabisa; mtu aliyeona lazima kuishika aliweza kuomba ruhusa, ila ruhusa hiyo haikuweza kutolewa isipokuwa wazee wasiopungua 100 wawepo shauri lake linaponenwa. Maana yake ni dhahiri: waliogopa watu wachache wasije wakakutana asubuhi na mapema, baraza likiwa tupu, wakafungua mlango ambao baraza zima limeufunga. Tena palikuwa na desturi nyingine: mzee mmoja akiona viti vingi vitupu, aliweza kusimama na kudai wahesabiwe. Haki hiyo ya mtu mmoja kudai hesabu twaipenda sana. Halmashauri yetu ya masika ingalikuwa na mtu mmoja wa kudai hesabu, cheti kile kisingalipata kiti.

Katika habari zote za Rumi, hapana ifundishayo kama ile aliyoiandika Plinius kwa rafiki yake Titius Aristo, mjuzi wa sheria. Katika mwaka 105, mkuu mmoja wa dola, Afranius Dexter, alikutwa amekufa, wala haikujulikana kama alijiua mwenyewe, au aliuawa na watu wa nyumbani mwake, au waliitii amri yake ya kumwua. Wale waliokuwa watumwa wake, naye akawa amewapa uhuru, wakaletwa mbele ya baraza la wazee. Rai zikawa tatu. Plinius alisema waachiliwe. Wa pili akasema wahamishwe kisiwani. Wa tatu akasema wauawe.

Sasa desturi ya baraza lile katika kupiga kura ilikuwa kuondoka kwa miguu: kila mtu alikwenda kukaa upande wa yule aliyetoa rai aipendayo, nao wakahesabiwa. Wale waliotaka kifo na wale waliotaka kuhamishwa wakaanza kukaa pamoja, kwa sababu wote wawili walikataa watu wale waachiliwe. Plinius akapinga. Akauliza, je, wanaotaka mtu afe na wanaotaka mtu aishi mbali wana shauri moja? Kama leo wamekaa pamoja ili kumshinda wa kwanza, kesho hawatagombana wao kwa wao? Akadai kila rai ikae mahali pake na kuhesabiwa peke yake.

Ili msomaji aone uzito wa jambo hili, tuchukue baraza letu la watu 9. Tuseme 4 wataka kuachilia, 3 wataka kuhamisha, 2 wataka kuua. Kila rai ikihesabiwa peke yake, wenye kuachilia ndio wengi, nao hushinda. Lakini mwenyekiti akiuliza kwanza, "Je, waadhibiwe au wasiadhibiwe?", wale 3 na 2 huwa 5, na hao 4 hushindwa. Watu ni wale wale, nyoyo ni zile zile. Kilichogeuka ni swali tu. Sisi tuliposoma hayo mara ya kwanza tuliiweka barua mezani tukahesabu kwa vidole, maana tulikuwa hatujapata kufikiri ya kuwa mwenye kupanga maswali ana nguvu kuliko mwenye kura.

Plinius alikubaliwa katika hoja yake ya utaratibu. Ndipo yule aliyetaka wauawe, alipoona ya kuwa wenye kuachilia wataweza kuwa wengi kuliko kila kundi likiwa peke yake, akaiacha rai yake mwenyewe, akahamia kwa wenye kuhamisha. Na baadhi ya wafuasi wake wakamfuata. Plinius hakuficha jambo hili. Alikiri ya kwamba kundi lisiloweza kuyashinda mengine mawili lilijichagulia lipi limshinde. Wala hakuficha neno jingine lililo zito kuliko hilo: alimwandikia rafiki yake kwa kuwa yeye na wenzake walikuwa hawazijui tena kanuni za baraza. Walikuwa wamekua katika siku za udhalimu, wakati baraza lilipoitwa ama kukaa kimya ama kutenda uovu mkubwa. Na vijana waliokaa pale hawakupata wa kuwafundisha. Kanuni hizi hurithiwa kwa kutazama wakubwa wakizitumia, na ukipita umri mmoja bila kuzitumia, huenda zisiokotwe tena.

Tuwaache Warumi, twende kwa Wayahudi, maana mabaraza yao yalikuwa madogo kama yetu. Katika Mishna, ile sheria iliyokusanywa karibu na mwaka 200, shauri la mali lilihukumiwa na watu 3, shauri la uhai na watu 23, na mambo ya taifa zima na watu 71. Hesabu hizo zote hazigawanyiki sawa kwa mbili, wala si kwa bahati. Mwalimu apendaye hesabu na afuate jinsi walivyoipata ile 23. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 14, wapelelezi kumi waovu huitwa mkutano. Basi mkutano ni watu kumi. Katika sura ya 35 twasoma ya mkutano uhukumuo na mkutano uokoao. Basi kumi na kumi, ndio 20. Sasa mtu aweza kuokolewa kwa kuzidi mtu mmoja, lakini asihukumiwe kufa ila kwa kuzidi wawili, kwa sababu Kutoka, sura ya 23, hukataza kuwafuata wengi katika kutenda ovu. Kwa hiyo lazima waongezeke, nao wakawa 22. Na kwa kuwa baraza halifai kugawanyika sawasawa, akaongezwa mmoja tena.

Mwenye kucheka na acheke njia ile ya kufasiri maandiko. Sisi hatucheki, maana ndani yake mna fikira ambayo mabaraza mengi ya leo hayanayo, ya kwamba kura za kumwumiza mtu zisiwe sawa na kura za kumwacha. Katika halmashauri zetu kura moja yazidi katika kununua chaki, na kura moja yazidi katika kumfukuza mtu na watoto wake.

Yako mengine. Waliketi kama nusu ya uwanja wa kupuria nafaka, ili waonane uso kwa uso. Katika mashauri ya mali na ya unajisi walianza kuuliza wakubwa. Katika mashauri ya uhai walianza pembeni, yaani kwa wadogo, ili mdogo asione haya kumpinga mkubwa aliyekwisha kusema. Msomaji yeyote aliyelelewa katika nchi zetu ajua maana ya jambo hili bila kuelezwa. Mzee akisema, kijana hujibu "Ndiyo, mzee", na huyo ndiyo si kura, ni adabu. Sisi twaipenda adabu hiyo, tusingependa ipotee. Lakini njia ya kuilinda pamoja na ukweli ni hiyo ya Mishna, kumwuliza kijana kwanza. Tena mwamuzi alikatazwa kutoka nje na kusema, "Mimi nalitaka kukuachilia, ila wenzangu walikuwa wengi, nifanyeje?" Halmashauri ngapi zimevunjika kwa maneno kama hayo yaliyosemwa njiani, jioni ya siku ile ile!

Na mtu akisema "Sijui"? Hakuhesabiwa kuwa ni wa upande huu wala upande ule. Ilikuwa kana kwamba hayupo, nao wakaongeza waamuzi wengine. Jambo hili la asemaye "Sijui", au anyamazaye, limewasumbua watu karne nyingi. Katika Marekani, wajumbe wa chama kilichoshindwa walikuwa na hila: walikaa vitini mwao, lakini majina yakiitwa hawakuitika, na kwa kuwa hesabu ilichukuliwa kwa walioitika tu, akidi ikatoweka na watu wamekaa humo humo. Tarehe 29 Januari, 1890, Spika Thomas Reed akaanza kuwaandika waliokaa kimya kuwa wamehudhuria, akiwataja kwa majina. Wakapiga kelele, wengine wakaitafuta milango. Lakini mwaka 1892 mahakama kuu ya nchi ile ikathibitisha ya kuwa mtu aliyepo yupo, aseme asiseme.

Katika Kanisa, Mtakatifu Benedikto aliandika katika karne ya sita ya kuwa mkuu wa monasteri na awaite ndugu wote katika mambo makubwa, kwa maana mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo jema; lakini neno la mwisho ni la mkuu. Na katika kumchagua mkuu mwenyewe, alikubali hata wachache washinde, ikiwa shauri lao ndilo lenye akili timamu zaidi. Maneno mazuri, nayo yalileta matata ya miaka mamia. Kwani ni nani awezaye kusema ni upande upi wenye akili timamu? Kila upande hujiona ndio. Plinius alikwisha kunena katika barua nyingine ya kuwa kura huhesabiwa, hazipimwi. Na Kanisa lilijifunza hayo kwa uchungu. Mwaka 1130 walichaguliwa Mapapa wawili, na mwaka 1159 tena wawili, kila mmoja akisema wachaguzi wake ndio walio bora. Ndipo Papa Alexander III, aliyekuwa mmoja wa wale wawili wa mwaka 1159, akatoa sheria katika mtaguso wa tatu wa Laterano, mwaka 1179, ya kwamba apataye theluthi mbili za makadinali ndiye Papa. Hapakupimwa akili ya mtu tena. Sheria hiyo imeguswa mara kadhaa, lakini mwaka 2025, makadinali 133 walipokutana, ilitakiwa kura 89, na hiyo ni theluthi mbili.

Sasa tuje katika habari ambayo sisi twaiona kuwa darasa kubwa kuliko zote kwa baraza dogo, maana baraza lenyewe lilikuwa la watu 5 tu, na chini yao palikuwa na nchi ya watu mamilioni. Mwaka 1773 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuitawala Bengal, iliyokuwa mkononi mwa Kampuni ya Mashariki ya Hindi. Wakamweka Warren Hastings kuwa Gavana Mkuu, na pamoja naye washauri 4. Kila neno liamuliwe kwa wengi, na kura zikiwa sawa, Gavana awe na kura ya pili ya kukata shauri. Katika karatasi sheria hii ni nzuri. Watu 5 hawagawanyiki sawa. Mkubwa ana heshima yake. Wadogo wana nguvu yao.

Washauri watatu walitoka Uingereza kwa merikebu moja: John Clavering, George Monson, na Philip Francis. Wakafika Calcutta mwezi wa Oktoba, 1774. Husimuliwa ya kuwa walitazamia kupigiwa mizinga 21, wakapigiwa 17, nao hawakusahau. Wa nne, Richard Barwell, alikuwa Bengal tangu zamani, akawa upande wa Hastings. Basi tangu mkutano wa mwanzo ikawa 3 kwa 2, na mwezi baada ya mwezi ikawa 3 kwa 2, hata mtu aliweza kuandika hesabu ya kura kabla ya kulisikia shauri. Gavana Mkuu wa nchi yote alikuwa mtu aliyeshindwa kila siku mezani pake mwenyewe.

Mwezi wa Machi, 1775, ikaletwa barua ya mtu mkubwa wa nchi, Nandakumar, akimshitaki Hastings kuwa amekula rushwa. Wale watatu wakataka aitwe ndani aseme mbele ya wote. Hastings akakataa kukaa kitini na kushitakiwa na watu wa baraza lake mwenyewe. Akatangaza ya kuwa mkutano umekwisha, akaondoka, na Barwell akamfuata. Watatu hawakuondoka. Wakamweka Clavering katika kiti, wakamwita Nandakumar, wakamsikiliza, wakaamua ya kuwa Hastings alipokea fedha na ni lazima azirudishe.

Hapa msomaji na asimame ajiulize maswali. Mwenyekiti akiondoka, mkutano huondoka naye? Wengi wakibaki, waweza kujiwekea mwenyekiti mwingine? Na mshitakiwa, je, ni halali kuwa mwenye kiti siku ya mashitaka yake? Twaona Hastings alikosa katika jambo moja, na wale watatu katika jingine. Yeye alikosa kwa kudhani kiti ni chake, maana kiti ni cha baraza. Wao walikosa kwa kukaa kuwa washitaki na waamuzi pamoja. Lakini aliyelipa si mmoja wao. Miezi miwili baadaye Nandakumar alikamatwa kwa kosa jingine, la kughushi hati. Akahukumiwa na mahakama mpya ya Waingereza, akanyongwa tarehe 5 Agosti, 1775, kwa sheria ya kigeni ambayo watu wa nchi yake hawakupata kumnyonga mtu kwayo. Wale watatu waliomkaribisha mezani hawakumwokoa.

Kisha Monson akafa, mwezi wa Septemba, 1776. Hapakuwa na shauri jipya, wala hoja mpya, wala mtu aliyegeuza moyo wake. Palikuwa na mtu mmoja kaburini tu. Lakini sasa walibaki 4, wawili kwa wawili, na ile kura ya pili ya Gavana, iliyokuwa imelala miaka miwili, ikaamka. Tangu siku ile Hastings akatawala. Mwaka 1777 zikaja habari ya kuwa mjumbe wake kule London amepeleka neno la kujiuzulu kwake; Clavering akadai funguo na kiti; na mwezi wa Juni, siku moja, yakakaa mabaraza mawili katika mji mmoja, Clavering na Francis huku, Hastings na Barwell huku, kila moja likijiita baraza halali. Mahakama ikaulizwa, ikasema kiti ni cha Hastings. Clavering naye akafa katika mwezi wa Agosti mwaka ule. Mwaka 1780 Hastings na Francis walipigana kwa bastola, na Francis akajeruhiwa. Bunge lilikaa muda mrefu kabla ya kuondoa kosa hili, na mwaka 1786 likampa Gavana Mkuu uwezo wa kutenda hata kinyume cha washauri wake. Ambayo ni dawa kali, maana ilimaliza ugonjwa wa kura kwa kuifanya kura isiwe na kazi kubwa.

Hiyo kura ya pili ya mwenyekiti twaiogopa. Spika wa Bunge la Uingereza, aitwaye Denison, alieleza mwaka 1867 ya kuwa kura zikilingana, Spika asiunde wengi pale ambapo hapana wengi. Atumie kura yake ili shauri libaki kama lilivyokuwa, au liweze kunenwa zaidi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekwenda mbali kuliko hapo: Spika hana kura kabisa, na kura zikilingana hoja imeanguka. Katiba hiyo hiyo hutaka wabunge 50 wawepo, na maseneta 15. Ya Tanzania, ya mwaka 1977, hutaka nusu ya wabunge wote. Bunge la makabwela la Uingereza limetosheka na watu 40 tangu Januari, 1641, na lile la mabwana na watu 3. Nchi zatofautiana sana katika kiasi cha uvivu ziwezacho kukivumilia.

Mtu aliyewaandikia watu wa kawaida kanuni hizi alikuwa askari mhandisi wa Marekani, Henry Martyn Robert, mtoto wa mchungaji wa Kibatisti. Mwaka 1863, katika mji wa New Bedford, aliombwa kuuongoza mkutano kanisani. Hakujua namna, na mkutano ukageuka fujo. Akaona aibu, akaazimu asikae katika mkutano mwingine kabla ya kujifunza. Kitabu chake kidogo kilitoka mwaka 1876, kwa fedha zake mwenyewe, nakala 4,000. Katika chapa aliyoitengeneza upya mwaka 1915, aliandika habari ya mabaraza madogo, yasiyozidi watu kumi na wawili hivi, ya kuwa taratibu za mkutano mkubwa zingewazuia kazi yao. Humo mtu hana haja ya kusimama ili atoe hoja. Anaweza kusema mara nyingi. Na mwenyekiti mwenyewe aweza kutoa hoja, kubishana, na kupiga kura kama wengine. Lakini mambo mawili hakuyalegeza kwa ajili ya udogo. Akidi, isipowekwa nyingine, ni zaidi ya nusu ya watu wa baraza. Ikipungua, waliopo waweza kuagana na kuweka siku nyingine, wala si zaidi. Na kura ni ya aliyepo. Asiyesikia mabishano hana la kuamua, hata akituma mtu au barua.

Wako watakaosema ya kuwa hayo ni ya Wazungu, na ya kuwa wazee wetu walikaa chini ya mti wakanena mpaka wakapatana. Mwalimu Julius Nyerere aliisifu desturi hiyo, nasi twaisifu. Lakini atazame mtu vizuri: wazee wale hawakuanza kunena kama mwenye shauri hayupo, na aliyekuwa mbali alingojewa.

Kitabu cha halmashauri yetu kilifunguliwa tena baada ya mwaka na miezi, alipokuja mwenyekiti mpya, mtu mwenye tabia ya kusoma kurasa za zamani. Akakikuta cheti kimebandikwa kando ya orodha ya waliohudhuria, akauliza mtu wa tano ni nani. Tukamwonyesha cheti. Akaitisha mkutano, wakaja 7, yule mzee wa cheti alikuwapo, akasema ya kuwa siku ile hakujua kama lilikuwako shauri la mwalimu, alidhani ni habari ya bati la paa. Wakapiga kura kulifuta neno lile, 4 wakikubali, 3 wakikataa. Barua ikapelekwa kwa mwalimu yule, naye akajibu kwa adabu ya kuwa amekwisha kulima mahali pengine, na watoto wamezoea. Chini ya hesabu ile ya 5 tukaandika 4, kwa wino mwekundu, na tarehe ya siku tuliyoisahihisha.